Mama Yake Ameshakuja

9 Februari 2014

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau umekula. Mimi hali yangu si ya kusimulia, ila nasimama.

Nimekupigia simu mpaka nimekata tamaa, nikaona nirudi kwenye kalamu kama mama alivyokuwa akituandikia tukiwa shule. Karatasi hata ukitaka kuichana, itabidi kwanza uishike.

Tangu uhame hapa nyumbani sijaingia chumbani kwako. Umeacha masufuria, umeacha hata miwani yako dirishani. Unasomaje huko? Nasikia umepata kazi ya kufulia mashuka hospitalini. Kama ni kweli, nashukuru, maana najua wewe ukikaa bure unaumwa.

Dada, miezi miwili imepita tangu hukumu. Jaji alisema mwanangu Babu ameua bila kukusudia, akampa miaka mitano. Wewe uliinuka ukatoka kabla jaji hajamaliza kusoma. Najua kwako mitano si kitu. Mwanangu amemuua mwanao: nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe ili usidhani naikwepa. Watoto waliolelewa ua mmoja, wakafanya kazi karakana moja ya useremala, na msukumo mmoja tu ukatuacha hivi tulivyo.

Jumamosi nilikwenda gerezani. Wanaruhusu mgeni mmoja tu kwa mwezi, nusu saa. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku. Nilimpelekea sabuni na dawa ya meno. Neno la kwanza aliloniuliza ni, "Mama mkubwa hajambo?" Nikamwambia hajambo. Nilisema hivyo ingawa sijui.

Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Mdogo wako


30 Machi 2014

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, nimeisoma kwa miwani ya kuazima. Mimi mzima, kama neno hilo bado linanihusu.

Kazi nimepata. Nasimama kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka, mvuke unanipanda usoni, na hakuna anayejua kama ninalia au ninatoka jasho. Inanifaa.

Umeomba matusi. Sina. Nina wivu, na wivu ni mbaya zaidi, maana tusi likishatoka limetoka.

Unajua ninachokuonea wivu? Sabuni. Unaingia dukani, unachagua, unanusa, unamwambia muuzaji, "Nipe hii, ni ya mwanangu." Kisha unaniandikia mimi kwamba amekonda. Wangu hakondi wala hanenepi. Sina cha kumnunulia.

Unakumbuka mahakamani? Karani aliniuliza, "Una uhusiano gani na marehemu?" Nikasema mimi ni mama yake. "Na mshtakiwa?" Nikasema mimi ni mama yake mkubwa. Akaacha kuandika, akanitazama kana kwamba nimekosea chumba. Halafu akasimama wakili wenu, suti imempwaya, akasema marehemu ndiye aliyeanza ugomvi, eti alimpiga mwenzake ngumi ya uso. Randa wangu! Mtoto aliyepewa karakanani jina la kile kifaa cha kulainishia mbao, kwa sababu palipokuwa na ukwaruzano alipitisha maneno yake pakalainika. Babu akaulizwa, akasema ndiyo, alinipiga kwanza. Na jaji akaandika: marehemu naye alichangia. Hivyo ndivyo mlivyoipata hiyo mitano. Siku hiyo hiyo, chumba cha pili, mtu aliyeiba nyaya za umeme alikula saba. Kwa hiyo mwanangu ana thamani chini ya nyaya.

Na nikwambie lililonihamisha hapo nyumbani. Siku ile tulikuwa uani, wewe unamsuka mteja, mimi naanika nguo. Msimamizi wa karakana akaja mbio, akasema kijana wetu mmoja amekufa. Ukawahi wewe kuuliza, "Yupi?" Akakujibu. Ukashusha pumzi. Niliisikia. Ningekaaje nyumba moja na pumzi ile?

Tangu utoto cha kwanza huwa chako. Mimi mkubwa, wewe ukaolewa kwanza. Ukazaa kwanza. Ukachukua jina la baba yetu ukampa mwanao, hadi tukawa tunamwita mtoto wa kunyonya "Babu". Nilipozaa mimi, jina limekwisha. Nikameza. Leo jina la baba limevaa sare za jela, lakini linaamka asubuhi.

Usiniandikie tena habari za shingo yake.

Dada yako


14 Aprili 2014

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo kwa leo.

Ndiyo, nilishusha pumzi. Nikikataa utajua naongopa, maana umenibeba mgongoni, unanijua ninavyopumua. Lakini na wewe niambie: msimamizi angetaja lile jina jingine, pumzi yako ingekwenda wapi?

Na kama ni wivu, mimi pia ninao. Ulipofiwa, mtaa mzima ulikuja. Viti vilifika barabarani. Walikushika mikono, wakakulaza, wakakulisha kwa kijiko. Mimi mwanangu alichukuliwa siku hiyo hiyo na pingu, hakuna aliyenishika hata kidole. Nikilia msibani wanasema mnafiki, nisipolia wanasema moyo wa jiwe. Nikaenda kulia chooni. Randa nilimnyonyesha mimi ulipolazwa, umesahau? Alikuwa anauma! Nilifiwa na mimi, dada, lakini msiba ukawa wako peke yako. Nakuonea wivu viti vile.

Wateja wamekata mguu. Nani ataweka kichwa chake mapajani kwa mama wa muuaji? Amebaki yule mama kiziwi wa duka la vioo, nadhani habari hazijamfikia.

Nimeandika kwa hasira. Nikirudia kuisoma nitaichana, kwa hiyo sirudii.

Mdogo wako


6 Julai 2015

Dada,

Shikamoo. Zaidi ya mwaka hujaniandikia, nami nikasema sawa, mwenye jeraha asisukumwe. Leo sikuulizi afya. Nakuuliza jambo moja.

Jumamosi nilikwenda gerezani kama kawaida. Nimepanga foleni, jua la utosi, nimefika dirishani. Askari wa kike akatazama jina la Babu, akaniambia, "Huyu ameshatembelewa mwezi huu. Mama yake ameshakuja."

"Mama yake ni mimi."

Akacheka. "Mama, hapa wote husema hivyo. Wa kwake alikuja Jumatano. Mrefu, mikono ina alama za kuungua na pasi."

Nikaondoka dirishani. Nilirudi na mfuko wangu ulivyo, garini watu wa pembeni wananiuliza kama naumwa.

Ulikwenda kufanya nini? Kama ni kumlaani, ungekuja kunilaani mimi, nipo, hakuna foleni. Kama ni kumtazama anavyoteseka, haya, umeona, umeshiba? Mwezi mzima nakihesabia kile kinusu saa, na wewe umekimeza. Na kwa jina langu!

Mdogo wako


20 Julai 2015

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikutumia jina lako. Askari aliuliza, "Wewe ni nani wake?" nikasema mama mkubwa. Akaandika mama. Lile neno la pili lilimtia uvivu.

Nilikwenda kumwona anavyoumia. Sikufichi. Usiku silali, nikawa najiambia, ngoja nikamwone naye asivyolala, labda nitapata usingizi. Nikachukua ruhusa kazini, nikaenda mikono mitupu.

Nikaketishwa kwenye benchi mbele ya wavu. Akaletwa. Akasema, "Shikamoo, mama mkubwa." Sikuitikia. Nikamwambia, "Simama nikuone." Akasimama. "Geuka." Akageuka kama mtoto anayepimwa sare. Na wewe uliniandikia shingo ya kuku! Amenenepa, mdogo wangu. Wamempeleka karakana ya gereza, anatengeneza madawati. Ana mabega. Wivu ukanijaa, nikamwambia aketi.

"Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

Akatazama vidole vyake. Basi nikapata kidogo nilichokifuata. Nikasimama niende zangu.

Akasema haraka, kama mtu anayemrushia mwenzake kitu alichosahau, "Asubuhi ile alituchekesha sana."

"Nani?"

"Randa."

Nikakaa. Akaniambia kwamba asubuhi hiyo alikuja mteja, bwana mmoja mnene, mwenye haya, anataka kitanda kisichopiga kelele, na hataki kusema ni kwa nini. Alipoondoka tu, Randa akajifunga koti tumboni, akaingia mlangoni kwa mwendo wa yule bwana, akanong'ona: "Fundi, nataka kitanda chenye siri." Babu aliigiza vile Randa alivyomwigiza, mle mle kwenye wavu, askari anatazama. Nikacheka. Nilicheka, mdogo wangu, mbele ya mtu aliyemuua. Na baada ya kucheka nililia, na alipoona nalia akaweka mikono nyuma kama wanavyofundishwa.

Hapo ndipo nilipojua. Mimi nilimjua Randa wa nyumbani: anakula, analala, anaacha kandambili katikati ya mlango. Wa karakanani sikumjua. Miaka minne walisimama meza moja, na hiyo miaka yote anayo mwanao kichwani. Wewe una mwanao, na mwanao ana siku za wangu. Mimi nina nini?

Nitakwenda tena. Nakwambia mapema ili usije ukanilaumu.

Dada yako


4 Oktoba 2015

Dada,

Shikamoo. Unaamka saa ngapi wewe? Mwezi wa nane nilikwenda tarehe tatu, umenitangulia. Wa tisa nikaenda tarehe mbili, umenitangulia. Mwezi huu nimefika tarehe mosi, hakujapambazuka sawasawa, nikampata. Nimeshinda, nikasema moyoni. Kumbe nimeshinda nini?

Anatazama nyuma ya bega langu, anatazama mlango. Nikamwambia, "Unamngoja nani?" Akasema, "Hapana, mama." Nikampa habari za nyumbani, mabati yanavuja, mama kiziwi anakusalimu. Anaitikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwishoni akasema, "Mama, usikasirike. Mwezi ujao mwache mama mkubwa aje."

Nisikasirike!

Mimi siku ile hanisimulii. Nikimuuliza anasema, "Tuache hayo, mama." Miaka yote miwili, tuache hayo, tuache hayo. Kwako anafunguka hadi anaigiza. Nimembeba tumboni, nimepanga foleni kwenye mvua, nimeuza kiti changu cha kusukia ili nimlipe wakili, na mlango wake amekufungulia wewe. Nikimtazama anavyolisema jina lako naona gere, dada, gere la mke mwenza. Umefiwa, najua, na siku nyingine naogopa hata kuandika, lakini huyu si wa kulipia. Huwezi kuchukua wangu kwa sababu wako hayupo.

Tufanye zamu. Mwezi wangu, mwezi wako. Na unaposhika zamu yako, niambie anachokuambia.

Mdogo wako


17 Januari 2016

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini mafua yamekuacha. Zamu nimekubali, na umeona Desemba sikugusa.

Sasa kaa chini usome. Nimepata barua ya bodi inayopunguza vifungo. Babu ana tabia njema, amefundisha wafungwa wenzake useremala, wanafikiria kumtoa mapema. Wanataka kujua kama familia ya marehemu ina pingamizi. Familia ya marehemu ni mimi peke yangu, na barua iko mezani tangu juzi.

Lakini kuna la pili. Umeniomba nikwambie anachoniambia. Zamu yangu ya Novemba nilimuuliza, "Ile ngumi alikupiga wapi?" Akashika shavu la kushoto. Nikamwambia, "Mahakamani ulishika la kulia." Akainamisha kichwa hadi kipaji cha uso kikagusa wavu.

Randa hakumpiga. Hakuinua hata mkono. Wakili ndiye aliyemwambia, sema alianza yeye, marehemu hawezi kukubishia. Na Babu akasema, maana alikuwa anaogopa.

Miaka miwili mwanangu amelala kaburini na jina la mgomvi. Sikumpigia Babu kelele. Nilimwambia tu, "Hilo neno ulilisema mbele ya watu. Lirudishe mbele ya watu." Bodi inakaa Machi, na mimi nitakuwepo.

Dada yako


25 Januari 2016

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo mara mia. Nakuandikia kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Nakuomba. Usimfanye aseme. Ukweli sikatai, lakini ukweli hauozi, unaweza kungoja. Acha atoke kwanza, kisha aseme, hata akitaka asimame barabarani na kipaza sauti, nitamshikia mimi mwenyewe. Akisema mbele ya bodi watasema kumbe alidanganya mahakama, watamrudisha ndani. Labda wamfungulie kesi nyingine. Unajua humo ndani watu wanavyokufa kwa kuharisha tu?

Au ndivyo unavyotaka? Niambie kweli. Akitoka atakuwa wangu, hutakuwa na Jumatano yako wala wavu wako. Wewe unataka akae palepale unapoweza kumpata. Nimekaa nikifikiri usiku kucha na jibu ni hilo hilo.

Nisamehe kama nimekosea. Lakini usimfanye aseme.

Mdogo wako


21 Machi 2016

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua ulikuwa nje ya geti siku ile na ukakataa kuingia, nilikuona kwa dirisha umekaa juu ya jiwe. Basi nikusimulie mimi, usije ukasimuliwa na wengine.

Walikuwa watu watano nyuma ya meza. Mwenyekiti ni mama wa makamo, sauti ya chini. Akamuuliza Babu kama ana la kusema. Nilimtazama, nikafikiri atasema asante tu aketi. Nami nilikuwa nimeshaamua, akiketi, nisingemwumbua.

Akasema, "Nilidanganya mahakama. Ndugu yangu hakunipiga."

Wakatazamana. Akaeleza yote. Mwenye karakana alikuwa amempa Randa ufunguo na usimamizi wa zamu ya asubuhi. Babu ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyemwonyesha hata jinsi ya kushika msumeno, na ufunguo ukampita. Tangu asubuhi anacheka na wenzake kwa nje, ndani anawaka. Mchana Randa akamtania: "Kaka, usinune, kesho nitakuruhusu kufungua mlango." Akageuka huku anacheka. Babu akamsukuma. Kuna jiriwa ya chuma imefungwa pembeni mwa meza, ile wanayobania mbao. Kichwa kikafikia hapo.

"Kwa nini ulimsukuma?" mwenyekiti akauliza.

"Nilimwonea wivu. Nilitaka anyamaze kidogo tu."

Nikalifahamu neno lile, mdogo wangu. Ni la ukoo wetu.

Kisha wakaniuliza mimi. "Mama, una pingamizi?" Nikasema, "Mkimweka, wangu harudi. Mkimtoa, wangu harudi. Sina pingamizi. Nilitaka tu iandikwe kwamba mwanangu hakuwa mgomvi." Mwenyekiti akamwambia karani aandike. Akaandika, nikamwomba anisomee, akanisomea.

Walitoka, wakarudi. Wamesema aliyedanganya mahakama hawezi kutolewa sasa, basi atakaa mwaka mmoja zaidi ndipo atoke. Sikuwaomba hilo.

Uliniuliza kama nataka akae palepale. Nikujibu. Mwenyekiti aliposema mwaka mmoja zaidi, nilikukumbuka wewe juu ya lile jiwe, roho ikaniuma. Lakini kuna kipande changu kilichofurahi. Si kwa adhabu. Kilihesabu Jumatano zilizobaki. Nichukie kwa hilo, una haki.

Dada yako


13 Novemba 2016

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Hii ni ya tatu bila jibu. Babu ananiambia zamu zako hukosi, ila unakaa nusu saa nzima humsemeshi, unamtazama tu, kisha unaaga. Mtoto hawezi kula macho. Mimi ninunie, nimezoea, lakini yeye mwambie hata habari za mabati.

Nimefanya kosa la ulimi juzi. Mwenzangu wa kazini aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili.

Dada yako


3 Aprili 2017

Dada,

Shikamoo.

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia, lakini sina pa kwenda.

Jana ilikuwa siku yake ya kutoka. Nilinunua shati, nikanunua viatu kwa kukisia. Chumba nimekipaka rangi, nimemwomba hata mama kiziwi aje kunisaidia kupika, na sasa anajua habari zote, na alikuja. Saa mbili nipo getini. Saa nne, saa sita. Wanatoka wengine, wanakumbatiwa, wanaondoka. Nikaenda dirishani. Yule yule askari wa kike. Akatazama akasema, "Huyu tumemtoa mapema alfajiri, mama. Aliomba asingoje. Tulimuuliza anakwenda wapi, akasema kwa mama yake."

Nikakimbia nyumbani, nikifikiri tumepishana njiani. Hayupo. Chakula kimelala kwenye sufuria. Usiku kucha mlango nimeuacha wazi, kila mbwa akibweka nainuka.

Dada, yuko kwako? Usinieleze chochote kingine. Sitaki sababu. Nijibu neno moja tu, yupo au hayupo. Kama hayupo nianze kumtafuta hospitali.

Nimempa barua hii dereva wa gari la hospitali yenu aliyekuja kuchukua dawa. Ameahidi kukupa mkononi.

Mdogo wako


4 Aprili 2017

Mdogo wangu,

Marahaba.

Dereva amenikabidhi barua jioni, akasema anarudi huko kesho asubuhi. Ningeweza kukupigia simu, nambari yako haijanitoka kichwani. Lakini kwenye simu ungesikia kikohozi chake kwa nyuma, usingesikiliza lolote ninalosema.

Juzi nilikuwa kazini, mashuka ya wodi mbili yamerundikana, mwenzangu hakuja. Nikasikia mtu amesimama mlango wa nyuma. Nikajua bila kugeuka. Nikamwacha asimame. Nilipiga pasi shuka la kwanza, la pili, la tatu, najifanya sijaona, na yeye haondoki wala haketi. Shuka likishapigwa pasi, mdogo wangu, mtu mmoja hawezi kulikunja vizuri, litaburuta chini. Nikachukua pembe mbili, nikamnyooshea zile nyingine. Akaja akazishika. Tukalivuta, tukalikunja, tukakutana katikati, nikazichukua pembe mikononi mwake. Tukachukua jingine. Tulikunja wodi zote mbili.

Jioni akasema, "Nimekuja kwanza kwako, kwa sababu mama nikimfikia hataniruhusu kutoka tena." Alitaka nimpeleke kaburini. Tumekwenda leo asubuhi. Yaliyosemwa huko ni yao wawili, mimi nilikaa mbali.

Sasa amelala kwenye mkeka, miguu imetokea nje ya shuka. Anakoroma kama baba. Nimekaa na kalamu tangu dereva aondoke. Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa na neno moja, kama ulivyoomba. Niliandika: Hayupo. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina lako juu. Niliona nitapata wiki moja, labda mbili, kabla hujamaliza hospitali zote. Ningempikia. Ningemsikiliza hadithi zilizobaki. Kisha akageuka usingizini, akaita "mama", na sikujua ananiita mimi au anakuita wewe, nikaona nikikaa naye siku moja zaidi nitaacha hata kujiuliza.

Ile bahasha nimeichoma. Yupo.

Njoo umchukue. Panda gari la dereva huyu huyu, nauli nitamlipa mimi. Usingoje kusuka wala kupika, njoo hivyo hivyo ulivyo. Njoo kesho, mdogo wangu, maana keshokutwa sijui nitakuandikia nini.

Dada yako